Pabu za York zenye moto wa kuota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaokwenda York, kaskazini mwa England, wakitaka kuketi kando ya moto halisi ndani ya jengo la kale. Saa zote ni za Kiswahili: saa 9 alasiri ndiyo 15:00 kwenye simu yako.

## Kwa anayeanza

Pabu ina tofauti gani na baa tulizozizoea?

Tofauti ya kwanza utaiona mlangoni: hakuna mhudumu anayekuja kukupokea. Unaingia, unatafuta pa kukaa, halafu unakwenda mwenyewe kaunta kuagiza na kulipa hapohapo. Ukikaa ukisubiri kuhudumiwa, utasubiri mpaka ufunge virago.

Tofauti ya pili ni vyumba. Pabu za zamani hazikujengwa kama ukumbi mmoja. Zina vijichumba viwili, vitatu, kila kimoja na mlango wake na mara nyingi meko yake. Muziki huwa wa chini au haupo, kwa kuwa watu wamekuja kuzungumza. Mtu anaweza kukaa saa nzima na glasi moja, gazeti mkononi, asiulizwe kitu.

Kwa nini York na si mji mwingine?

Kwa sababu mji wa kale umebaki, na umebaki mdogo. Warumi waliuanzisha mwaka 71, na kuta zake za zama za kati bado zinauzunguka kwa urefu wa kilomita 3.4 hivi. Ndani yake mna vichochoro na nyumba za mbao zenye miaka mia tano na zaidi, nyingi zikiwa bado zinafanya kazi. Unaweza kutoka meko moja hadi nyingine kwa miguu bila mikono kupata ganzi. Kwa treni ya haraka kutoka London, kituo cha King's Cross, ni kama saa mbili, na kutoka stesheni hadi kanisa kuu la Minster ni mwendo wa robo saa.

Jambo moja la kuangalia kwenye ramani: Bootham Bar, Micklegate Bar, Monk Bar na Walmgate Bar ni malango ya ukuta wa mji. Hakuna bia pale.

Ni kweli kuna pabu 365, moja kwa kila siku ya mwaka?

Ni msemo wa mjini. Ndani ya kuta hazifiki karibu na idadi hiyo. Zipo za kutosha kukushinda kwa wiki nzima, na hilo latosha.

Moto huwashwa miezi gani?

Kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi Machi, na Aprili ikiwa baridi. Si sheria; mwenye pabu huangalia hali ya hewa na idadi ya wateja. Januari ndio mwezi tunaoupendekeza. Watalii wamepungua, bei za vyumba vya kulala zimeshuka, na baridi ya nje, nyuzi chache tu juu ya sifuri, inaufanya moto uwe na maana. Kuanzia katikati ya Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi kuna soko la sikukuu katikati ya mji, na pabu hujaa hadi mlangoni.

Niende saa ngapi ili nipate kiti karibu na moto?

Jumatatu hadi Alhamisi, kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Waliokula chakula cha mchana wameondoka, waliotoka kazini hawajafika, na moto uliowashwa asubuhi sasa ni makaa mekundu (sababu iko katika swali la jinsi moto unavyowashwa). Desemba jua huzama kabla ya saa 10, kwa hiyo utaketi huku dirishani kunaingia giza.

Jumamosi mchana iepuke. Makundi ya wanaosherehekea kuaga ukapera huja kwa treni kutoka miji ya jirani, na kiti cha mekoni ndicho cha kwanza kuchukuliwa.

## Moto wenyewe

Wanachoma nini mle ndani?

Wengi hutarajia magogo. Mara nyingi utakuta mabonge meusi yenye umbo la yai: makaa yaliyoshindiliwa yasiyotoa moshi. Sababu ni sheria. Maeneo mengi ya York yako ndani ya kanda za kudhibiti moshi, utaratibu ulioanza na Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 baada ya moshi mzito wa London wa 1952. Katika kanda hizo meko ya wazi hairuhusiwi kuchoma kuni. Kuni huchomwa katika jiko la chuma lililoidhinishwa, lile lenye mlango wa kioo.

Makaa ya mawe ya kawaida nayo yameondoka. Tangu Mei 2023 hayauzwi tena England kwa matumizi ya majumbani. Kuni zinazouzwa kwa vifurushi vidogo lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, wakati mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji hayo, hutoa moshi mwingi na kuacha lami ndani ya dohani, yaani bomba la moshi. Lami hiyo ikishika moto, dohani nzima huwaka.

Nitajuaje kama moto ni wa kweli au ni wa gesi?

Tazama chini ya wavu wa chuma. Moto wa kweli una majivu, na pembeni yake kuna ndoo ya makaa, koleo na chuma cha kuchochea. Wa gesi una ndimi za moto zinazofanana muda wote na "makaa" yasiyopungua. Wa gesi hauna aibu yoyote, unapasha joto, ila kama umesafiri kwa ajili ya moto halisi, uliza kwa simu kabla: "Je, meko yenu ni ya makaa, na leo imewashwa?" Swali hilo huulizwa kila siku, hakuna atakayekushangaa.

Kiti kipi ni bora?

Si kile kilicho mbele kabisa ya moto. Meko ya wazi hupasha kwa mionzi: kinachoonwa na moto hupata joto, kisichoonwa hakipati. Wakati huohuo dohani inavuta hewa ya chumba na kuitoa nje, na hewa ya kujaza nafasi hiyo huingia kwa kupenya chini ya mlango. Sehemu kubwa ya joto, robo tatu hivi, huondoka na moshi. Kwa hiyo ukikaa kati ya mlango na moto, magoti yataungua na mgongo utaganda.

Kaa ubavuni mwa meko, mita moja na nusu au mbili, mgongo ukiwa ukutani. Ukiona benchi la mbao lenye mgongo mrefu unaopita kichwa, hilo ndilo la kukimbilia. Mgongo ule ulitengenezwa kuzuia upepo wa mlangoni. Na chagua chumba kidogo kuliko ukumbi. Meko moja inatosha chumba cha watu kumi. Katika ukumbi wa watu sitini inabaki pambo. Ndiyo maana katika orodha yetu chumba kidogo kinashinda jina kubwa.

Moto unawashwaje, na kwa nini wakati mwingine chumba hujaa moshi?

Kazi huanza muda mfupi kabla ya milango kufunguliwa. Majivu ya jana hutolewa yote, kwa kuwa makaa yasiyotoa moshi huhitaji hewa kutoka chini. Wavu ukiziba, moto hufa. (Kuni ni kinyume chake: hupenda kulala juu ya tabaka la majivu.) Kisha kizibo cha dohani hufunguliwa, na gazeti lililokunjwa huwashwa na kushikiliwa juu, kwenye koo la dohani, kwa dakika moja au mbili. Hewa baridi iliyokaa ndani ya dohani ni nzito na hushuka. Isipopashwa kwanza, moshi wa mwanzo hauna njia ila kurudi chumbani. Baada ya hapo huja vibanzi vikavu na safu ndogo ya makaa, na yakishashika huongezwa mengine. Inachukua nusu saa hadi dakika 45 makaa kuwa mekundu. Ukiingia pabu inapofunguliwa tu, utakuta moto unaoonekana lakini haupashi.

Moshi ukirudi chumbani katikati ya siku, mshukiwa wa kwanza ni feni ya jikoni. Feni kubwa ikivuta hewa kuliko inayoingia, huinyang'anya dohani. Dawa ya papo hapo ni kufungua dirisha kidogo. Wengine ni upepo unaopiga kutoka juu ya paa refu la jirani, na ndege: kunguru wadogo wa kule hujenga viota ndani ya dohani majira ya kuchipua, na kiota hugunduliwa Oktoba moto wa kwanza unapowashwa. Ndiyo maana dohani husafishwa angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu.

Naweza kuongeza makaa au kuchochea moto mwenyewe?

Usifanye bila kuuliza. Waambie walio kaunta kuwa moto unafifia. Watakuja, au watakuambia uendelee. Makaa haya hayapendi kuchokonolewa kila mara: ukiyavunja, majivu huziba wavu na moto hupoa. Na usitupe humo tishu, maganda wala vifuniko vya plastiki.

Nina pumu. Ni salama?

Meko iliyotunzwa hutoa moshi mdogo chumbani, lakini si sifuri. Kaa chumba kingine cha pabu hiyohiyo, au chagua yenye jiko la chuma lililofungwa. Ukisikia kichwa kinauma na kizunguzungu kwa pamoja, toka nje na uwaambie wahudumu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu.

## Pabu zipi

Nikiwa na muda wa pabu moja tu?

Blue Bell, mtaa wa Fossgate. Ni ndogo kiasi kwamba watu ishirini ni umati: chumba cha mbele, chumba cha nyuma na kaunta katikati, kuta zimefunikwa mbao, karibu vyote vikiwa kama vilivyopangwa mwaka 1903. Jengo linalindwa kisheria kwa daraja la juu kwa sababu ya ndani yake. Nenda wawili, au peke yako. Kundi la watu sita halina pa kusimama.

Na kwa anayetaka jengo la kale zaidi?

Black Swan, Peasholme Green. Ni nyumba ya mbao ya zama za kati, iliyokuwa ya ukoo wa William Bowes aliyepata kuwa meya wa York mapema katika karne ya 15. Sakafu imepinda, ngazi ni za kale, na baa ya nyuma ina meko kubwa kama kijichumba, ya aina iliyoruhusu watu kuketi ndani ya uwazi wake. Iko pembeni kidogo ya njia za watalii, kwa hiyo nafasi hupatikana.

Ye Olde Starre Inne, mtaa wa Stonegate, inajulikana kuwa na leseni tangu 1644, na bango lake linavuka mtaa mzima kwa juu. Ingia kwa kichochoro. Usitafute mlango barabarani. Ni maarufu mno, nasi tungeitembelea asubuhi.

Guy Fawkes Inn, High Petergate, iko mahali panapotajwa kuwa ndipo alipozaliwa Guy Fawkes, mmoja wa waliokamatwa kwa njama ya kulipua Bunge kwa baruti mwaka 1605. Kilicho hakika ni kwamba alibatizwa Aprili 1570 katika kanisa la St Michael le Belfrey, ng'ambo ya mtaa. Ndani mna taa za gesi na giza la kupendeza.

Kuna pabu ya wenyeji zaidi kuliko wageni?

Golden Ball, eneo la Bishophill, ng'ambo ya mto. Tangu 2012 inaendeshwa kwa ushirika wa wakazi, na mpangilio wake wa ndani wa 1929 umehifadhiwa vizuri. Wanaotaka kuzungumza na watu wa York waanzie hapa.

Naweza kuzunguka zote kwa siku moja?

Kwa miguu ndiyo, ukiiacha Golden Ball: High Petergate, Stonegate, Goodramgate, Peasholme Green, Fossgate, kisha mtoni King's Staith ni kama nusu saa usipoingia popote. Kwa utulivu, tatu zinatosha. Nne ni kukimbizana na glasi.

## Kaunta

Naagizaje?

Hakuna foleni ya mstari, lakini foleni ipo: kila mtu anajua nani alitangulia, na mhudumu naye anajua. Simama kaunta, mtazame mhudumu, usipunge noti wala kupiga mluzi. Ukiulizwa nawe ukijua mwingine alikutangulia, mwonyeshe. Utapata heshima papo hapo. Mkiwa kundi, mnunuliane kwa raundi. Aliyekunywa raundi ya wenzake akaondoka bila kununua yake hukumbukwa.

Painti moja ni mililita 568, nusu ni 284. Hesabu kama pauni 5 kwa painti, pungufu au zaidi kidogo. Bakshishi haitarajiwi kaunta.

Mbona bia yao ni "ya moto"?

Ukizoea kuulizwa "baridi au moto?", jibu la York liko katikati. Bia ya pipa huhifadhiwa kwenye chumba cha chini na kutolewa nyuzi 11 hadi 13. Bado iko hai, chachu inafanya kazi ndani ya pipa, na baridi kali ingeficha ladha yake. Huvutwa kwa pampu ya mkono, na huku kaskazini mdomo wa pampu huwekwa kichujio chenye vitundu kinachotoa povu zito. Povu likizidi, omba wakujazie. Ni haki yako.

Kwa kuanza, agiza nusu ya Timothy Taylor's Landlord (asilimia 4.3) au Black Sheep, zote za Yorkshire, eneo ulimo mji wa York. Ikinuka siki au ikiwa imepooza kabisa, irudishe baada ya funda la kwanza, kwa upole. Wataibadilisha. Ukirudisha glasi iliyobaki robo, hoja yako imekwisha. Pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi, kwa hiyo agiza ile inayonunuliwa sana.

Sinywi pombe. Nitakaribishwa?

Kabisa. Chai, kahawa, soda na juisi zipo karibu kila mahali, na sharubati iliyochanganywa na maji ya soda ndicho kinywaji cha bei nafuu. Ukiwa Mwislamu, jihadhari na haya: bia nyingi zinazoitwa "bila kilevi" zina hadi asilimia 0.5, vitafunio vya ngozi iliyokaangwa kaunta ni nguruwe, mchuzi wa "pai" mara nyingi hupikwa kwa bia, na huku Yorkshire chipsi hukaangwa mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kwa utaratibu wa halali. Uliza mafuta gani wanatumia.

Chakula kinapatikana hadi saa ngapi?

Jikoni hufungwa mapema kuliko kaunta, mara nyingi saa 8 na nusu mchana na tena saa 2 na nusu au saa 3 usiku. Jumapili kuna nyama ya kuoka na Yorkshire pudding, andazi la mayai na unga linalofurishwa kwa moto mkali. Hiyo weka nafasi. Pabu ndogo hazipiki kabisa.

## Hali maalumu

Kitambulisho gani kinakubalika?

Umri ni miaka 18, lakini anayeonekana chini ya 25 huulizwa. Beba pasipoti, kitambulisho cha taifa cha Tanzania au Kenya kinaweza kukataliwa na mhudumu hana kosa. Wa miaka 16 na 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au saida (pombe ya tufaha) akiwa mezani anakula, yuko na mtu mzima, na mtu mzima ndiye aliyenunua.

Naweza kuja na watoto? Na mbwa?

Mbwa karibu kila mahali, na watalala mbele ya moto kabla yako. Watoto hutegemea pabu: nyingi huwapokea mchana hadi jioni, ndogo kama Blue Bell hazifai. Meko isiyo na kizuizi cha waya na mtoto anayetambaa havikai pamoja.

Natumia kiti cha magurudumu.

Majengo haya yana vizingiti, vichochoro vyembamba na vyoo vya ghorofani au chini. Piga simu uulize mambo matatu: ngazi ngapi mlangoni, upana wa njia hadi meko, na choo kiko wapi. Jibu la "tutakusaidia kuinua" si jibu.

Kuna pabu nisizoruhusiwa simu?

Zile za kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster hazina muziki na hazipendi simu na kompyuta ndani. Ukitaka kupiga picha popote pale, piga meko, si wateja.

Mto ukifurika?

Ouse hufurika karibu kila majira ya baridi, na pabu ya King's Arms, King's Staith, ndiyo ya kwanza kuingiwa na maji. Mlangoni pana alama za viwango vya mafuriko. Novemba 2000 mto ulipanda mita 5.4 juu ya kawaida. Sakafu ni ya mawe ili isafishwe na kukauka haraka. Maji yakiwa juu, itakuwa imefungwa: panda upande wa Fossgate au Goodramgate, na uangalie tahadhari za mafuriko kabla hujatoka hotelini.

Nimefika na moto haujawashwa. Nifanyeje?

Uliza kama utawashwa leo. Ukiambiwa ndiyo, kumbuka dakika zile 45, agiza, kaa ubavuni. Ukiambiwa dohani inasubiri fundi, usisisitize. Hakuna mwenye pabu makini atakayewasha meko isiyosafishwa. Waulize wanaijua ipi iliyowashwa leo karibu na hapo. Watakuelekeza.